Kulinganisha faili za mfereji wa mzizi: mwongozo kamili wa kupima uchafu unaosukumwa nje ya ncha

Hakuna faili, yaani kijisindano chenye makali ya kukwangulia, inayosafisha mfereji wa mzizi wa jino bila kusukuma kitu nje ya ncha. Iwe ya chuma cha pua inayoshikwa kwa vidole, iwe ya nikeli-titani inayoendeshwa na mota, kila moja hupitisha kiasi fulani cha uchafu hadi kwenye tishu zinazouzunguka mzizi. Uchafu huo ni mchanganyiko: vumbi la dentini (tishu ngumu inayounda ukuta wa mfereji) lililokwanguliwa, vipande vya kiini cha jino, maji ya kusuuzia na, kwenye jino lenye maambukizi, bakteria pamoja na sumu zao. Mwili huupokea kama mvamizi. Ndiyo sababu mojawapo inayomfanya mgonjwa aliyeinuka kitini bila maumivu aamke usiku shavu limevimba. Mtafiti Siqueira, katika mapitio yake ya mwaka 2003, alitaja viwango vya milipuko hiyo ya maumivu kuanzia asilimia 1.4 hadi 16.

Kwa hiyo kuuliza faili ipi inasukuma kidogo ni kuuliza jambo la msingi. Ugumu uko kwenye kujibu. Jaribio lenyewe linaonekana jepesi: unaning'iniza jino juu ya tyubu, unasafisha mfereji, unapima kilichodondoka. Lakini kinachodondoka kwa kawaida ni sehemu ndogo ya miligramu, na kwa uzito huo alama ya kidole, unyevu wa hewa au tone moja la dawa isiyofaa huweza kuipita kwa mbali tofauti unayoitafuta. Mwongozo huu nimeuandika kwa mwanafunzi wa udaktari wa meno anayeandaa tasnifu, kwa mtafiti anayeanza, na kwa daktari anayetaka kujua kama jedwali alilowekewa mezani na muuzaji linastahili kuaminiwa. Msimamo wangu ni kwamba namba inayopewa faili haina maana mpaka kila kisicho faili kimefanywa kuwa sawa.

Hatua ya kwanza: amua unalinganisha nini

Chukua faili mbili zinazojulikana. Reciproc R25 ina ncha ya milimita 0.25 na mchongoko wa asilimia 8 katika milimita 3 za mwanzo, yaani kipenyo huongezeka milimita 0.08 kwa kila milimita moja kutoka nchani. ProTaper Next X2 ina ncha ya milimita 0.25 vilevile, ila mchongoko wake karibu na ncha ni asilimia 6. Ya kwanza huenda na kurudi, ya pili huzunguka upande mmoja. Ya kwanza hufanya kazi peke yake, ya pili hutanguliwa na faili nyembamba zaidi ya mfumo huohuo, X1. Umbo la wembe wake si moja, wala aloi si moja. Sasa tuseme umepima na kukuta tofauti ya uchafu. Utaihusisha na mwendo, na idadi ya faili, na mchongoko, au na wembe?

Piga hesabu ya mchongoko peke yake. Milimita 3 kutoka nchani, faili ya asilimia 8 ina kipenyo cha milimita 0.49, na ya asilimia 6 ina milimita 0.43. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini eneo la duara la ya kwanza ni kubwa kwa takriban asilimia 30. Dentini zaidi imekwanguliwa kabla hata hujataja mwendo wa mota.

Kuna njia mbili za kuuliza, na zote ni halali mradi usizichanganye. Ya kwanza ni kulinganisha mifumo mizima jinsi inavyotumika kliniki, kila mmoja kwa maelekezo ya mtengenezaji. Hapo jibu lako litahusu mfumo tu, wala huna ruhusa ya kusema "mwendo wa kwenda na kurudi husukuma zaidi". Ya pili ni kutenga sababu moja. Ukitaka kujua athari ya mwendo, tumia faili ileile kwa mienendo miwili. Hapa angalia wembe umeelekea wapi: Reciproc na WaveOne, mfumo mwingine wa kwenda na kurudi, hukata kwa kuzunguka kinyume na saa, hivyo ukiziweka kwenye mota ya kawaida inayozunguka kufuata saa hazitakata, na utakuwa umepima jambo lingine kabisa.

Vyovyote utakavyochagua, ncha ya mwisho iwe ya kipimo kimoja kwa makundi yote. Kundi linaloishia 0.25 haliwezi kulinganishwa na kundi linaloishia 0.40. Andika swali lako, makundi yako na kanuni zako za kutupa sampuli kabla ya kugusa jino la kwanza.

Hatua ya pili: chagua meno kwa ukali

Hapa ndipo majaribio mengi hushindwa mapema, kwa sababu meno ya binadamu hayafanani na hakuna takwimu itakayokuja kuyafananisha baadaye. Pata kwanza kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya wenye meno. Yawe yameng'olewa kwa sababu zisizohusiana na utafiti wako. Yahifadhi kwenye maji ya chumvi au timoli ya asilimia 0.1, yasikauke.

Meno yanayotumiwa sana ni magego madogo ya taya la chini yenye mzizi mmoja na mfereji mmoja. Piga eksirei pande mbili, kutoka mbele na kutoka ubavuni, maana mfereji unaoonekana mmoja kwa mbele huweza kuwa miwili ukiutazama kwa ubavu. Pima mkunjo kwa njia ya Schneider ya mwaka 1971: mstari mmoja ufuate mhimili wa mfereji, mwingine utoke pale mkunjo unapoanzia hadi kwenye tundu la ncha, kisha usome pembe kati yake. Kwa jaribio la kwanza baki na meno yenye pembe isiyozidi nyuzi 10. Mkunjo unaleta maswali yake, na afadhali uyashughulikie kwa jaribio la peke yake.

Tundu la ncha lina uzito kuliko mkunjo. Kadiri lilivyo pana ndivyo uchafu unavyopata mlango. Kanuni rahisi: faili namba 15 (yenye ncha ya milimita 0.15) ifike kwenye tundu, ila namba 20 isiweze kupita. Jino lisilotimiza hilo liache. Acha pia jino ambalo ncha yake haijakomaa, lililoliwa kwenye mzizi, lenye ufa, au lililowahi kutibiwa.

Ukiwa na uwezo wa kupata picha za eksirei za kompyuta za pande tatu, zitumie kupima upana wa mfereji milimita 5 kutoka nchani na ujazo wake wote, kisha uyapange meno katika makundi madogo yanayofanana kabla ya kuyagawa kwa bahati nasibu. Kwa mfano, meno manne yenye ujazo unaokaribiana, kila moja liende kundi lake kwa kura. Kugawa kwa kura tupu pasipo kufananisha huacha kundi moja liweze kupata mifereji mipana yote, na hapo faili itasifiwa au kulaumiwa kwa kosa la jino.

Kwangua mizizi kwa nje: ukoga mgumu na mabaki ya tishu zote zitoke. Chembe moja ya ukoga ikidondoka kwenye tyubu itahesabiwa kama uchafu wa mfereji. Kata taji ili mizizi yote iwe na urefu mmoja, na ili mdomo wa mfereji uwe ni sehemu thabiti ya kuwekea kizuizi cha mpira cha faili.

Kuhusu idadi, meno 15 hadi 20 kwa kundi ni kawaida kuonekana kwenye machapisho, lakini kawaida si hoja. Fanya jaribio dogo la awali, pata mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi data zinavyotawanyika), kisha kokotoa idadi inayohitajika ili uone tofauti ambayo unaiona ina maana.

Hatua ya tatu: unda kifaa

Muundo unaofuatwa hadi leo ni wa Myers na Montgomery, uliochapishwa mwaka 1991. Mahitaji ni machache: tyubu ndogo ya plastiki ya Eppendorf, chupa ya kioo ya kuishikilia, kizibo cha mpira au kifuniko cha tyubu, na sindano.

Toboa kifuniko, pitisha mzizi kwa kuubana hadi karibu na shingo ya jino, kisha ziba pembeni kwa gundi ya sianoakrilati ili maji yasichuruzike kwa nje. Pitisha sindano ya geji 27 kwenye kifuniko hichohicho. Kazi yake ni kusawazisha shinikizo la hewa la ndani na la nje. Bila hiyo, hewa iliyofungiwa ndani ya tyubu itayazuia maji kutoka kwenye ncha, nawe utapata matokeo mazuri ya uongo. Kisha, tyubu ikishapimwa tupu kama inavyoelezwa katika hatua ya nne, weka kifuniko na jino lake juu ya tyubu, na tyubu ndani ya chupa. Izungushie chupa karatasi ya alumini au pazia la mpira ili anayesafisha mfereji asione kinachodondoka.

Kuanzia hapo, kila mtu ashike chupa. Tyubu haiguswi kwa vidole mpaka mwisho wa kazi.

Hatua ya nne: pima tyubu tupu

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa jaribio zima limesimama juu ya mizani. Unahitaji mizani ya maabara inayosoma hadi gramu 0.00001, yaani sehemu moja ya mia ya miligramu. Inayoishia gramu 0.0001 imetumika katika tafiti nyingi, lakini fikiria: kama uchafu wako wote ni miligramu 0.4, mizani hiyo inakupa hatua nne tu za kuusoma.

Mizani iwe kwenye meza isiyotikisika, mbali na feni, dirisha na kiyoyozi. Iwashe mapema ipate joto lake, na uikague kwa jiwe la uzani unaojulikana kila asubuhi na kila baada ya tyubu kadhaa. Shika tyubu kwa kibano, kamwe si kwa mkono mtupu; mafuta ya ngozi peke yake yana uzito unaosomeka. Alama ya utambulisho iandikwe kabla ya kupima, si baada, kwa sababu wino nao una uzito. Kifuniko cha tyubu kikatwe na kuondolewa kabla ya kipimo cha kwanza, maana hakitapimwa pamoja nayo.

Pima kila tyubu mara tatu mfululizo, ukiitoa na kuirudisha kila mara. Kama vipimo vitatu vinatofautiana kwa zaidi ya gramu 0.00002, rudia mpaka vitulie. Chukua wastani. Andika pia joto na unyevu wa chumba, kwa sababu utarudi kwenye mizani hii siku kadhaa baadaye na hali ya hewa haitakuwa ileile. Plastiki hujikusanyia umeme tuli unaoifanya mizani iyumbe. Kifaa cha kuondoa umeme huo kisaidie, au tyubu ipumzike ndani ya mizani mpaka namba isimame.

Kisha fanya jambo ambalo waandishi wengi huliruka: andaa tyubu za udhibiti. Seti moja ibaki tupu, ipitie tanuri, kupoa na kupimwa kama nyingine. Seti ya pili itiwe maji ya kusuuzia peke yake, kwa kiasi unachotarajia kukusanya. Kama tyubu tupu zimepata au kupoteza uzito, mizani au hewa imebadilika. Kama tyubu za maji zimeongezeka uzito, maji yako si safi. Bila seti hizi mbili huna namna ya kujua ni sehemu gani ya namba yako ni uchafu na ipi ni kelele.

Hatua ya tano: safisha mfereji

Mtu mmoja asafishe mifereji yote, na mwingine asiyejua makundi apime. Aliyesafisha awe amezoea kila mfumo kwa usawa, kwani mkono uliozoea faili moja kwa miaka mingi hauwezi kuitendea haki ile iliyofunguliwa kwenye pakiti jana. Ampe kila mfumo meno ya mazoezi kwanza.

Pitisha faili K (ya mkono) namba 10 mpaka ncha yake ionekane kwenye tundu, kisha toa milimita 1: huo ndio urefu wa kazi. Ufanye kwa darubini au kioo cha kukuza, wala usikadirie. Andaa njia tangulizi, yaani fungua mfereji kwa faili nyembamba kabla ya faili ya mota, hadi namba 15 kwa makundi yote. Kundi moja likiwa na njia tangulizi na jingine halina, umeongeza sababu nyingine kimyakimya.

Mota iwekwe kasi na nguvu ya kuzungusha alizoagiza mtengenezaji. Kwa faili za kwenda na kurudi, kila mfumo una programu yake ya pembe. Reciproc kwa kawaida huzunguka nyuzi 150 upande wa kukata na 30 upande wa kuachia, wakati WaveOne ya awali hutumia 170 na 50, na zote mbili huendelea hivyo mpaka zimemaliza duara kamili. Sukuma taratibu, midonoo mitatu ya takriban milimita 3, toa faili, futa wembe kwa sifongo, suuza, rudi tena. Faili moja kwa jino moja ndiyo njia safi zaidi. Kama bajeti haikubali, weka kikomo kimoja kwa makundi yote.

Sasa maji. Katika kliniki tungetumia hipokloraiti ya sodiamu, nayo ndiyo inayoyeyusha tishu na kuua bakteria. Kwenye jaribio hili haifai, na sababu ni hesabu tupu. Mililita 1 ya hipokloraiti ya asilimia 2.5 imebeba takriban miligramu 25 za kemikali hiyo. Tone la mililita 0.05 likipenya kwenye tyubu na kukauka litaacha zaidi ya miligramu 1 ya fuwele za chumvi, yaani zaidi ya uchafu wote unaoutafuta. Tumia maji yaliyotoneshwa, ikiwezekana mara mbili. Ndiyo, unapoteza kufanana na kliniki. Lakini unapata namba inayosomeka.

Kiasi cha maji kiwe sawa kwa kila jino, na hapa kuna mtego. Ukisema "mililita 2 baada ya kila faili", mfumo wa faili nne utapata mililita 8 na mfumo wa faili moja utapata 2. Maji yenyewe husukuma uchafu. Panga jumla, tuseme mililita 10 kwa jino, kisha uigawe kwa vipindi kulingana na mfumo. Sindano iwe ya geji 30 yenye tundu ubavuni, isimame milimita 2 kabla ya urefu wa kazi, isibanwe na kuta za mfereji. Ukiwa na pampu inayotoa maji kwa kasi isiyobadilika, itumie. Kidole gumba hubadilika kadiri siku inavyosonga.

Rekodi muda wa kila jino na kila kituko: faili iliyokatika, jino lililopasuka, ncha iliyopita tundu. Sampuli hizo zishughulikiwe kwa kanuni uliyoiandika mwanzoni.

Hatua ya sita: kusanya, kausha, pima tena

Ukimaliza, inua kifuniko na jino lake. Uchafu fulani hubaki umeng'ang'ania nje ya mzizi. Usuuze kwa mililita 1 ya maji yaliyotoneshwa, yaingie kwenye tyubu. Kiasi kiwe hicho kwa kila sampuli.

Weka tyubu kwenye tanuri ya kukaushia ya nyuzi 70 za Selsiasi kwa siku 5, zikiwa zimefunikwa kwa namna inayoruhusu mvuke kutoka na kuzuia vumbi kuingia. Zikishatoka, zipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika ya kufyonza unyevu. Tyubu ya moto hupeperusha hewa juu ya sahani ya mizani na kusomeka nyepesi. Iliyoachwa wazi hunyonya unyevu na kusomeka nzito. Pima mara tatu kama awali.

Hesabu ni ya kutoa. Tuseme tyubu tupu ilikuwa na gramu 0.98412, na baada ya kukauka ina 0.98457. Tofauti ni gramu 0.00045, sawa na miligramu 0.45. Kama tyubu za udhibiti zenye maji ziliongezeka kwa wastani wa miligramu 0.03, toa hiyo pia: jino hili limesukuma miligramu 0.42.

Ukikuta jibu chini ya sifuri, usilifute kimya. Linakuambia kuhusu kosa la mizani yako kuliko linavyokuambia kuhusu faili.

Hatua ya saba: takwimu bila kujidanganya

Data za namna hii mara nyingi hulalia upande mmoja: meno mengi husukuma kidogo, machache husukuma sana. Anza kwa kuzichora zote, nukta moja kwa jino moja, kabla ya kipimo chochote. Kama zinafuata mgawanyo wa kawaida kwa kipimo cha Shapiro-Wilk, na mtawanyiko wa makundi unakaribiana, tumia uchambuzi wa tofauti wa ANOVA na ufuatilie kwa kipimo cha Tukey. Kama sivyo, tumia kipimo cha Kruskal-Wallis, kisha linganisha jozi moja moja kwa marekebisho ya Bonferroni. Kwa data zilizolala upande, toa mediani na mipaka ya robo. Wastani peke yake utavutwa na meno mawili yenye fujo.

Toa pia ukubwa wa tofauti na mipaka yake ya uhakika wa asilimia 95. Thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kama hiyo kwa bahati tu kama faili zinalingana) iliyo juu ya 0.05 haithibitishi kwamba faili mbili zinalingana. Pengine meno yalikuwa machache mno. Nasisitiza hili kwa sababu sentensi "hakuna tofauti kati ya mifumo" husomwa na madaktari kama cheti cha usalama.

Kusoma matokeo ya wengine

Mwaka 1975 Vande Visse na Brilliant walionyesha kwamba kusafisha kwa kusuuza hutoa uchafu nje ya ncha, na tangu hapo swali limerudiwa kwa kila kizazi cha faili. Al-Omari na Dummer, mwaka 1995, walilinganisha mbinu nane za faili za mkono. Zile za kukwangua kwa kuvuta na kusukuma moja kwa moja zilitoa uchafu mwingi. Zile za kuzungusha, pamoja na ile ya kuanzia juu kushuka nchani, zilitoa kidogo. Ufundi wake unaeleweka: faili inayosukumwa moja kwa moja ndani ya mfereji uliojaa maji hufanya kazi kama pistoni, ilhali inayozunguka huelekeza chembe kwenye mifereo yake na kuzipandisha juu. Kuanzia juu kunapanua njia ya kutokea, na kunaondoa sehemu kubwa ya uchafu kabla ya kuikaribia ncha. Hilo ndilo jambo ambalo tafiti nyingi zinakubaliana.

Zinapofika kwenye faili za kwenda na kurudi, makubaliano yanakwisha. Bürklein na Schäfer, mwaka 2012, walikuta Reciproc na WaveOne zikisukuma zaidi ya Mtwo na ProTaper za kuzunguka, na Reciproc ikiongoza. Mwaka uliofuata Koçak na wenzake waliilinganisha Reciproc na SAF (faili inayojirekebisha kufuata umbo la mfereji) pamoja na ProTaper na Revo-S za kuzunguka, wasione tofauti ya kitakwimu. Msomaji akiwa na haraka atasema mmoja amekosea. Mimi nasema waliuliza maswali yanayofanana juu ya meno yasiyofanana, na tofauti kati ya meno ina nguvu ya kuigeuza tofauti kati ya faili.

Kwa hiyo ukishika makala, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu. Tafuta ncha ya mwisho ya kila kundi, jumla ya maji, aina ya maji, kina cha sindano, upana wa tundu la ncha, njia ya kugawa meno na desimali za mizani. Tazama kama kulikuwa na tyubu za udhibiti. Tazama aliyepima alijua makundi au hakujua. Mambo manne kati ya hayo yakikosekana, mimi huacha hitimisho lao hapohapo, hata kama jarida ni kubwa.

Mpaka wa kipimo hiki

Kwenye kinywa, ncha ya mzizi imezungukwa na tishu na mfupa unaokinza. Kwenye tyubu kuna hewa tupu, na jino limesimama ncha chini, hivyo uzito wa maji nao unasukuma. Wapo walioweka sifongo la maua kuzunguka mzizi kuiga ukinzani huo, lakini sifongo hufyonza maji na uchafu. Wapo wanaotumia jeli ya agarosi ya asilimia 1.5, ambayo kwa maoni yangu inakaribia uhalisia zaidi, ingawa nayo inadai hesabu ya uangalifu wakati wa kukausha. Kwa vyovyote, namba za tyubu tupu hutumika kulinganisha faili na faili. Usizitumie kukisia miligramu zinazoingia kwa mgonjwa.

Mizani pia haitofautishi vumbi safi la dentini na chembe iliyojaa bakteria. Miligramu 0.2 kutoka kwenye mfereji uliooza huenda zikaleta madhara kuliko 0.6 kutoka kwenye kiini kilicho hai. Maumivu baada ya matibabu yana sababu nyingine nyingi: hali ya jino kabla, kinga ya mgonjwa, hipokloraiti iliyovuka ncha, kujaza kupita urefu. Anayetoka kwenye gramu hadi kwenye maumivu kwa hatua moja ameruka jaribio la kliniki lililopaswa kuwa katikati.

Kwa daktari aliye kitini, mbinu ina mchango unaoonekana kuliko chapa. Panua theluthi ya juu ya mfereji kabla ya kushuka. Thibitisha urefu wa kazi kwa kipima ncha cha umeme na eksirei, na uukague tena mfereji ulipopanuka, kwani mfereji uliokunjika hufupika unavyonyooshwa. Futa wembe kila unapoutoa. Suuza mara kwa mara kwa sindano yenye tundu ubavuni, isiyobana, bila kukandamiza. Kwenye tundu la ncha lililo wazi fikiria mfumo wa kufyonza maji kutoka nchani badala ya kuyasukuma. Ukihisi faili inakataa, usiiongezee nguvu: toa, suuza, pitisha namba 10, ndipo urudi. Na kwa jino lenye kiini kilichokufa na kivuli kwenye eksirei, fanya haya yote kwa utulivu maradufu, kwa sababu pale ndipo kila chembe inayovuka ina bakteria wa kwenda nao.